Fundo la Kiongozi wa Sergoit

Kiongozi wetu alibisha hodi kwa kidole kwenye kila jiwe la mlima wa Sergoit kabla ya kulikanyaga. Bwana Mzungu mwenye shamba na mimi karani wake hatukuwahi kupanda mwamba, kwa hivyo kiongozi alitufunga kamba viunoni yeye mwenyewe, akikaza mpaka tukaguna. "Kamba moja, roho moja," alirudia, akitabasamu kwa midomo tu. Lakini fundo la kiunoni mwake lilikuwa lile la kufungia ndama wakati wa kukamua: ukivuta ncha, linafunguka mara moja.

"Mzee, mbona lako si kama letu?"

"Angalia miguu yako, karani."

Karibu na kilele Bwana aliteleza. Mkono wa kiongozi haukwenda kwenye mwamba. Ulikwenda kwenye ile ncha.