Wimbo wa Baba Uliishia Nyololo

Kwanza ondoa hilo tabasamu. Wote ninaowasimulia huanza na tabasamu hilo hilo, halafu wananiuliza kama siku hiyo nilikuwa nimeonja ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Sikuonja. Tumboni nilikuwa na chai ya rangi na viazi. Wala haikuwa usiku, maana najua mnapenda mambo haya yatokee usiku. Ilikuwa mchana, kama kweli unaweza kuuita mchana ule ukungu wa Mufindi. Nilichokiona nitasema, na nisichokielewa nitasema sikukielewa. Na hicho ndicho kingi.

Lazima nianze na ligombo, la sivyo hutanifuata. Unaliona pale ukutani: ubao uliochimbwa katikati kama hori dogo, kamba zimepita juu yake toka ncha hadi ncha, na kibuyu cha kuvumisha sauti. Baba alilichonga mwenyewe, huku huku kwetu Iringa, kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipakata, ligombo magotini pangu, vidole vyake juu ya vyangu. Nilijua kulipiga kabla sijajua kufunga vifungo vya shati.

Kulikuwa na wimbo mmoja aliomtungia mama wakati anamposa. Huo alinifundisha kipande kwa kipande, mpaka pale kijana wa kwenye wimbo anapofika mtoni na kukuta maji yamejaa. Hapo baba akasimama. Kesho yake alikuwa anaondoka kwenda machimbo ya dhahabu kule Lupa. Akasema, "Mwisho nitakufundisha nikirudi." Hakurudi, na hakuja mtu na habari zake.

Sasa mama yangu. Wajomba walimwambia aweke msiba, akakataa katakata. Jioni akishamaliza kuosha vyungu ananiita, "Piga ule wa baba yako." Napiga mpaka mtoni, nanyamaza. Naye anasema, "Basi, ataumalizia mwenyewe," anakwenda kulala. Miaka nenda miaka rudi, jioni ni hiyo hiyo. Niliuchukia ule mto, nakwambia ukweli! Siku moja nikajitungia mwisho wangu nikampigia. Alinifokea kama mtu aliyenifumania naiba.

Nikakua, nikawa mpigaji wa kuitwa kwenye harusi. Hii ilikuwa miaka ya hamsini, nikaitwa Mbeya, kule Iyunga, nikapanda lori la abiria. Moyoni nilikuwa na langu: kutoka Mbeya kwenda Lupa si mbali sana, harusi ikiisha ningekwenda kumuulizia baba. Ubavuni mwangu alikaa Mzee Salumu, muuza vitambaa, mtu wa swala tano asiyejua mzaha. Kufika Nyololo, injini ikachemka. Dereva akabeba debe kwenda kutafuta maji, sisi tukashuka kunyoosha miguu. Ukungu ulikuwa mzito, ukisogea kidogo hata lori hulioni.

Nilikaa juu ya jiwe, ligombo nimelifunga kwenye blanketi. Unajua kwa nini? Kamba zake ni za mshipa wa ng'ombe. Zikipata unyevu zinalegea, zinakoroma tu. Hakuna mpigaji mwenye akili timamu anayefungua ligombo kwenye ukungu.

Akatokea mtu. Kijana wa rika langu, kavaa koti refu la kijeshi.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mnyalukolo," nikamjibu, nikidhani ni ndugu wa kwetu. Lakini alipoendelea kwa Kiswahili sikuweza kumjua. Na ujue mimi mtu akifungua mdomo tu nakwambia huyu Mbena, huyu Msafwa, huyu Mnyakyusa. Huyu hakuwa wa popote.

"Niazime hilo, nipige kidogo."

Nikacheka. "Kwenye ukungu huu? Zimeshalegea hizo."

"Wewe nipe tu. Nipige upi?"

Kwa nini nilijibu vile? Hata leo sijui. Pengine nilitaka kumkomoa. Nikamwambia, "Piga ule wa baba yangu."

Hakuuliza baba yupi. Nikafungua blanketi, nikampa. Alikaa, hakukaza hata kamba moja, akapiga. Na zilikuwa zimekaza, bwana! Zililia kama zimeanikwa juani siku nzima. Alianza mwanzo vile vile ninavyoujua, na pale kidole cha baba kilipozoea kuchelewa, cha kwake nacho kikachelewa. Mwili ukanisisimka. Akafika mtoni. Nikabana pumzi. Akavuka.

Ng'ambo ya mto wimbo unateremka polepole, kama mtu anayerudi nyumbani amechoka. Yule kijana anafika kwa kina binti, anabisha hodi, anafunguliwa. Basi, umeisha. Mambo marahisi kabisa, na mimi nilikuwa nimeyangoja tangu utotoni. Nililia nimefumba macho. Nilipofumbua, ligombo lilikuwa magotini pangu na mtu hayupo.

Nikamkimbilia Mzee Salumu, aliyekuwa amesimama karibu tu. "Mzee, yule aliyekuwa anapiga kaelekea wapi?"

Akanitazama. "Aliyekuwa anapiga si wewe?"

"Mimi? Yule mwenye koti!"

"Mwenye koti alikuwa amekaa pembeni yako, kafumba macho, analia. Nikasema nisiwaingilie."

"Mzee, aliyelia ni mimi!"

"Wallahi, kijana, nimewaona kwa macho yangu haya."

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimechubuka, vinatoa damu. Haya, niambie wewe mwenye akili zako, nani alipiga?

Kule Iyunga, harusini, nikataka kuupiga. Mwisho ukatoka wenyewe bila kuutafuta. Mwanzo? Hakuna! Ule niliofundishwa nimepakatwa, niliopiga kila jioni ya Mungu, ulikuwa umefutika. Vidole vililala juu ya kamba kama vidole vya kuazima. Nilichanganyikiwa, sikuona hata ladha ya pilau. Lupa sikwenda tena. Nikajiambia, si neno, angalau nimepata mwisho, mama atafurahi.

Nilimkuta anapepeta mahindi. Sikungoja jioni. Nikakaa chini, nikampigia ule mwisho.

Ungo ukamwanguka. "Umeutoa wapi huo?"

"Nyololo, mama. Kuna mtu kaupiga."

"Huo alinipigia mimi peke yangu, siku aliyokuja mlangoni kwetu," akasema. "Hakuna mwingine aliyewahi kuusikia."

Kumbe alikuwa anaujua! Miaka yote ile anaujua, na hakunifundisha, kwa sababu wa kuumalizia alikuwa mtu mmoja tu, na maadamu haujamalizika alikuwa anarudi. Mama akajifunika kaniki kichwani, akatoa kile kilio alichowanyima ukoo mzima. Majirani wakaja mbio. Siku hiyo tukaweka msiba wa baba, bila mwili, bila kaburi. Mimi ndiye niliyeleta habari, nikiwa na furaha usoni kama mjinga.

Baadaye mama alikuwa akiniimbia ule mwanzo, ananionea huruma. Nausikia, naukubali, ndio wenyewe. Akifunga mdomo tu umeshaondoka. Tukawa tunaupiga hivyo, yeye anaimba mpaka mtoni, mimi navusha. Sasa na yeye amekwenda. Nimezeeka na nusu ya wimbo, na wanangu sijawafundisha, maana nitawaanzishia wapi?

Kwa hiyo nisikilize. Mtu usiyemjua akikukuta kwenye ukungu akaomba chombo chako, msalimie, mpe hata chakula, chombo usimpe. Na akikuuliza apige upi, mtajie wa harusi, wa mavuno, wowote uliokwisha. Wa mtu unayemngoja usiutaje.

Hivyo ndivyo ninavyowaonya watu. Lakini mimi mwenyewe, ukungu ukishuka, nalitoa ligombo pale ukutani nalilaza kizingitini, na mlango nauacha wazi. Wanangu wanasema nitakufa kwa baridi. Waache waseme. Akija yule mwenye koti nitamwambia achukue mwisho wake, anirudishie mwanzo wangu, na baba awe bado yuko njiani.