Yowe la Bibi Kwenye Spika Kubwa

Ndugu zangu, mimi ni msanii wa kujitegemea, maana yake hakuna studio inayonitaka. Muziki wangu naupikia chumbani kwangu hapa Ringwani. Nachanganya litungu letu la nyuzi na midundo ya klabu za Ulaya, ambazo hata mlango wake sijauona.

Wimbo wangu mpya ulikosa uhai. Nikamwomba bibi anipigie lile yowe la kuita wanaume ng'ombe wakiibwa, nimrekodi. Akapiga, ila akanionya, "Mjukuu wangu, hili halichezewi." Nikatabasamu kitaalamu. Bibi anajua nini kuhusu muziki?

Jumamosi mchana nikauzindua sokoni kwa spika nilizokodi Sirari. Walikuja watu tisa, wawili kati yao wakimsubiri kinyozi. Yowe lilipoingia, nikalirudiarudia, sauti mpaka mwisho.

Punde wanaume wakaanza kumiminika kutoka mashambani, mbio, jasho likiwatiririka. Machozi yakanilenga. Mashabiki! Nikanyanyua mkono, nikawapungia. Ndipo nikaona pinde na mishale.

Mbele yao alikuwa baba, peku, akihema. Sauti ya mama yake angeachaje kuitambua?

"Wameelekea wapi?" akanifokea.

"Akina nani, baba?"

"Wezi!"

Nikalizima yowe. Ukabaki mdundo wa klabu ukidunda peke yake, na kijiji kizima chenye mishale kikinitazama mimi, mkono wangu ungali hewani, nikiwapungia mashabiki.