Bwana Harusi wa Kwenye Tangi

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu pameshajaa. Vijana kumi na mmoja wamebanana kwenye vidato vya chini, magoti yamegusana na videvu. Anayetaka kupanda kwa daktari wa meno ghorofa ya kwanza inabidi aruke watu.

"Bwana harusi ameuawa," anatangaza binti wa miaka kumi na sita, amesimama, riwaya ameikumbatia kifuani. "Na aliyemuua ni mama mkwe. Asiyeona hilo hakusoma, alipeperusha kurasa."

"Mama mkwe yupi? Yule mwenye presha? Atambebaje mwanamume mzima mpaka kwenye tangi la maji?"

"Chuki ina nguvu, kaka."

Hatua mbili kutoka hapo, kwenye meza yenye upana wa mlango, kwa sababu kweli ni mlango uliolazwa juu ya matofali, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anavuta uzi kwenye mgongo wa daftari la mahudhurio. Hanyanyui kichwa. Sindano inaingia, sindano inatoka.

Wanamwita Mama Gundi. Jina la kuzaliwa analo, lakini anasema limebaki kwenye kitambulisho tu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia kila jioni huwa vimeganda pamoja mpaka avitenganishe kwa maji ya moto.

"Watu wananiuliza, Mama Gundi, mbona unawavumilia hawa wapiga kelele?" anasema. "Nawajibu, kelele za bure hizi. Redio yangu inakula betri."

Amekuwa mshona vitabu kwa miaka ishirini na saba. Mtu akileta kitabu kilichoachana na jalada lake, yeye hukifumua, hupanga kurasa, hukitoboa, hukishona upya, kisha hukibana kwenye jiliwa la mbao mpaka gundi ikauke. Kazi ya kitabu kimoja bei yake haizidi mikate miwili.

Zamani alikuwa akishona vitabu hamsini kwa mwezi. Kisha mjini ikafunguliwa duka lenye mashine inayobandika kitabu kabla mteja hajamaliza kukohoa. Sasa mwezi ukiwa mzuri anapata tisa.

Na riwaya? Hizo ni za wateja walioleta na kusahau. Zimejikusanya mpaka kufika sitini na nne, kwenye rafu aliyoigongomea chini ya ngazi. Miaka minne iliyopita binti mmoja aliyekuwa akisubiri kung'olewa jino aliomba kuazima moja. Mama Gundi akakubali, kwa sharti.

"Nilimwambia, pesa sitaki. Ukirudisha, simama hapo utuambie kilikuwaje. Nani amekukera, nani amekuliza, na kama ungempa rafiki yako au adui yako."

Binti alirudi na rafiki zake watatu, wakagombana saa nzima. Tangu siku hiyo Jumamosi imepata wenyewe.

Anayesimama sasa hivi wanamwita Kamusi, kwa kuwa hawezi kusema "mbaya" pale ambapo "dhalimu" inatosha. Anayembishia wanamwita Mwisho, kijana wa miaka kumi na saba ambaye husoma ukurasa wa mwisho kwanza. "Mimi siingii nyumba ambayo sijui mlango wa kutokea," hujitetea.

Riwaya wanayoigombania imezunguka mikononi mwao wiki tatu. Ni ya mapenzi. Muuguzi kijana anamsubiri mchumba wake aliyesafiri, gauni la harusi limeshashonwa, kila jioni anasimama getini mwa hospitali. Halafu ghafla anaingia inspekta anayechechemea, na ndani ya tangi la maji inapatikana maiti.

"Ndiyo maana mchumba harudi!" Kamusi anapaza sauti. "Ni yeye aliye tangini! Mwandishi hakutuambia, ametuachia tuhisi. Huo ndio ufundi."

"Huo ni uvivu," anasema Mwisho. "Kurasa mia za kushikana mikono, halafu polisi. Lakini mimi maiti nilishaijua tangu mwanzo."

"Wewe ulianzia mwisho!"

"Kwani nilikoanzia kunahusu nini? Nilijua au sikujua?"

Mteja wa daktari wa meno anashuka, shavu limevimba, pamba mdomoni. Anasimama kusikiliza. "Ngoja," anasema kwa shida, "mama mkwe alikuwa na funguo za tangi?" Vijana wanashangilia. Mtu anamsogezea nafasi akae.

Lakini leo Mama Gundi hacheki. Leo anamsubiri mgeni.

Sekondari iliyo ng'ambo ya barabara ina riwaya mia mbili na arobaini zilizochakaa, zimefungiwa kwenye masanduku sita. Mwalimu wa maktaba anataka zishonwe upya. Amekwenda kwenye lile duka la mashine, na leo anakuja hapa kutazama, ndipo aamue.

"Hiyo ni kazi ya miezi mitano," Mama Gundi amesema asubuhi, akipanga upya rafu ambayo tayari ilikuwa imepangika. "Nikiikosa, nafunga. Dada yangu mkubwa ameshaniambia nikamsaidie kufuga kuku. Kuku wa dada yangu nawajua. Hawana shukrani."

Mwalimu anafika saa tatu na nusu, mwembamba, mkoba begani, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo, mwalimu!" vijana wanamwamkia kwa pamoja kama darasani.

"Marahaba. Kaeni, endeleeni. Nimewasikia tangu barabarani."

Anasikiliza kwa dakika kumi. Anatabasamu. Mama Gundi anamwona akitabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yanashuka. Kisha mwalimu ananyoosha mkono apewe kitabu, anatazama jalada, na tabasamu linageuka kuwa kitu kingine.

"Hiki nilikisoma nikiwa na umri wenu. Nilikisoma mara tatu. Mchumba anarudi. Wanaoana." Anasita. "Humu hamna inspekta."



"Samahani, mwalimu," anasema Kamusi kwa adabu zote, "labda hukukimaliza?"

Mtu anacheka, anajifanya kukohoa. Mama Gundi ameshanyanyuka. Anakichukua kitabu, hakifungui ili akisome. Anapitisha kidole gumba ubavuni, pole pole, kama anayetafuta uvimbe. Kidole kinasimama katikati. Karatasi za nusu ya kwanza ni za manjano. Za nusu ya pili ni za manjano pia, ila nyembamba kidogo.

Anaenda kwenye rafu, anatoa riwaya ya upelelezi yenye ukubwa uleule, anafungua katikati. Inspekta anashika kitasa cha kabati. Ukurasa unaofuata, muuguzi yuko getini; kurasa chache mbele, watu wanakata keki na muuguzi analia kwa furaha.

"Kumbe!" anasema Mwisho. "Mimi nilidhani walimfungia harusi mle kabatini."

"Sema ni makosa ya kiwandani," Kamusi ananong'ona, lakini mnong'ono wake unasikika mpaka ghorofa ya kwanza.

Mama Gundi anamtazama mwalimu. "Kiwanda kiko hapa," anasema. "Uzi huu wa kijani ni wangu. Mweupe ulikuwa umeniishia. Kosa ni langu, mwalimu."

Anaeleza. Siku moja mgonjwa wa meno, ganzi imempanda mpaka miguuni, aliegemea meza. Mlango ukapinduka. Vitabu viwili vilivyofumuliwa vikatawanyika sakafuni. Yeye akaokota na kupanga kama alivyofundishwa: kwa namba za kurasa. Nusu ya kwanza ya kimoja iliishia 128. Akakuta 129 hapo karibu, akashona.

"Aliyenifundisha kazi aliniambia, ukisoma maneno, hutashona, soma namba. Miaka ishirini na saba nasoma namba. Na namba zilikubaliana!"

Mwenye pamba mdomoni anachunguza ncha za viatu vyake.

Mwalimu hacheki. "Na vingine vingapi viko hivi, Mama Gundi?"

"Sijui, mwalimu."

Baadaye atasema kwamba hapo roho ilimshuka mpaka ikafika kwenye ndara.

Mwisho anajaribu kuokoa jahazi. "Vyote sitini na vinne tumevisoma, mwalimu, na vyote tumevigombania. Kingine kingekuwa na kasoro tungeshajua."

"Hata hiki mmekigombania wiki tatu," anajibu mwalimu, "na hamkujua."

Kamusi mwenyewe amekosa neno. Mwalimu anaushika mkoba wake.

"Mimi nilijua."

Vichwa vyote vinageuka. Ni binti aliye kwenye kidato cha juu kabisa cha ngazi, anayekaa peke yake karibu na mita ya umeme. Wenzake wanamwita Mgeni, ingawa ana mwaka mzima hapa, kwa sababu maoni yake huwa hayazidi maneno mawili: "Kizuri" au "Si kizuri."

"Baada ya ukurasa wa 128 muuguzi hatajwi tena," anasema, sauti ndogo. "Hata mara moja. Kurasa sabini. Mtu akifa kitabuni, anatajwa. Akiachwa, anatajwa. Hapotei tu. Na hicho cha upelelezi, keki inakatwa na watu ambao hatujawahi kutambulishwa. Viko viwili tu. Vingine nimevifuatilia, viko sawa. Kile chenye hadithi ya mwalimu mlevi kimekosa ukurasa mmoja, lakini ulichanwa na mtu, si kosa la Mama Gundi."

"Ulijua tangu lini?" Mama Gundi anauliza.

"Wiki ya kwanza."

"Sasa mwanangu, kwa nini hukusema?"

Binti anatazama chini. "Walikuwa wanagombana vizuri sana."

Hapo ndipo mwalimu anapocheka. Anacheka mpaka anashikilia ukuta, na daktari wa meno anachungulia kutoka juu kuuliza kama kuna aliyeumia.

Mwalimu hakuahidi mengi. Alisema mashine ya mjini nayo haijui kusoma, na huko hakuna anayekaa kwenye ngazi. Akatoa sanduku la kwanza tu, vitabu arobaini, kwa masharti: kila kitabu Mama Gundi akiunganishe kwa macho, mstari wa mwisho wa ukurasa na wa kwanza wa unaofuata, kisha mmoja wa vijana akisome chote kabla hakijavuka barabara. Na Mgeni ndiye mwenye neno la mwisho.

Wiki mbili baadaye riwaya zile mbili zimefumuliwa na kila nusu imerudi kwake. Vijana wameisoma ile ya mapenzi ilivyoandikwa. Hukumu yao haina huruma.

"Anarudi ukurasa wa 131," anasema Kamusi kwa uchungu. "Kumbe aliachwa na basi tu! Bora angebaki tangini, angekuwa na maana."

Mama Gundi naye amebadilika. Vitabu kumi na saba viko tayari, ilhali kwa hesabu yake vingekuwa ishirini na tano. Mezani kuna kitabu kimefunguliwa, sindano imechomekwa kwenye mto wake, gundi imeota ngozi juu.

"Naambiwa nisome mistari miwili," analalamika. "Nani anaweza kusoma mistari miwili? Huyu mke amepata barua ya mumewe, ukurasa unaishia anaichana bahasha. Nitalalaje?"

Akimaliza sanduku hili, anasema, ataenda mwenyewe sekondari kuyaomba matano yaliyobaki. Miezi minne ya kazi si kitu cha kukiachia mashine. Kisha anainama, anashusha sauti, kama anayetoa siri ya jirani.

"Tena nimemuuliza mwalimu. Hii ya barua ina sehemu ya pili. Imo kwenye sanduku la tatu."