Mama Springi Anyoosha Bunduki za Shemeji

Jina la Mama Springi alibandikwa na wateja, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Alikuwa fundi wa makochi. Ukipita dukani kwake ungemkuta amepiga magoti, mdomo umejaa misumari midogo, na bado anakusalimia, anakuuliza habari za watoto na kukutania unene, bila msumari hata mmoja kudondoka. Makochi yaliingia pale yamebonyea, yanatia huruma, yakatoka yamevimba vifua.

Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, mumewe alikuwa kinyozi. Walipanga vyumba hivyo pamoja mara tu walipooana, wakagawana bili ya umeme na ule ukuta. Mume akitamani chai aligonga mara moja. Mke akihitaji mtu wa kumsaidia kunyanyua kochi aligonga mara mbili.

Siku moja mwenye duka la viatu alileta kochi la urithi, la watu watatu, limekwisha kabisa. Mama Springi akalilaza, akalipasua tumbo. Ndani akakuta vitu vya kawaida: vitana, vifungo, kijiko, jino la bandia ambalo hakutaka kuuliza lilikuwa la nani. Lakini chini kabisa, kwenye fremu, palikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa kamba na kuviringishwa kipande cha pazia. Akakifungua. Ilikuwa bunduki ya upepo, ile ya kupigia makopo na shabaha, imeshika kutu mpaka imekuwa rangi ya matofali.

Akamwita mwenye kochi. Yule bwana akaitazama, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Marehemu baba alitunyang'anya hii, mimi na kaka zangu, tulipovunja dirisha la jirani," alisema. "Tuliitafuta hadi tukachimba bustani. Kumbe siku zote tumeikalia!"

"Sasa imepatikana, mzee. Nenda nayo."

"Niende nayo wapi? Siku hizi hata mlango wa nyumba yangu naupapasa. Ichukue wewe, mwanangu."

Mama Springi akaichukua, na jioni ile ile akaamua kuifungua. Springi alizijua, au alidhani anazijua. Springi ya kochi ukiiachia inakusukuma kidogo tu, kama mtoto anayetaka kupita. Ile ya bunduki ilikuwa imebanwa ndani ya silinda tangu enzi za baba wa watu. Alipolegeza kifuniko cha nyuma, ililipuka. Ikapaa juu ya meza, ikatoboa ukuta wa mbao, ikaingia kwa kinyozi. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya uso povu tupu, alitoka mbio na taulo shingoni na hakusimama hadi ng'ambo ya barabara.

Mume akatokea mlangoni, wembe mkono wa kulia, springi mkono wa kushoto.

"Mke wangu," alisema, "kama una neno na mimi, si ungegonga tu?"

Mwingine angeitupa bunduki jalalani. Yeye alitengeneza kibanio cha mbao chenye skrubu ndefu, ili springi itoke polepole na kwa adabu, akaanza upya. Na kadiri alivyoingia ndani ndivyo alivyojiona yuko nyumbani, kwa sababu alichokikuta kilikuwa springi, ngozi na mbao, vitu alivyovishika kila siku. Pistoni ilikuwa na kofia ya ngozi ya kuzuia hewa isivuje, nayo ilikuwa imekauka kama kaukau. Alikata nyingine kutoka kwenye masalio ya ngozi ya kochi, akailoweka mafuta, akaikandamiza kwenye kikombe kidogo cha mbao mpaka ikashika umbo. Kutu aliisugua kwa mafuta na nyuzi za chuma, bila pupa, mpaka chuma kikaanza kuonyesha weusi wake wenye buluu kwa mbali. Kitako akakinywesha mafuta kidogo kidogo. Kisha akajaza boksi kwa pamba ya magodoro, akasimama hatua chache, akavuta kifyatulio.

Pa! Tundu dogo, safi, katikati ya boksi. Alifurahi akabusu bunduki, akagundua mafuta bado hayajakauka.

Habari zikatembea. Waliokuwa na bunduki kama hizo stoo na juu ya makabati wakaanza kuzileta, kila mmoja na hadithi yake. Huyu alisema ya kwake ilikuwa ya babu aliyekuwa jenerali, yule alisema hakuna nyingine duniani. Mama Springi alimsikiliza mtu mpaka mwisho, kwa heshima zote, halafu akaipindua bunduki tumbo juu. Alitazama vichwa vya skrubu, umbo la kilinzi cha kifyatulio, kama ni bati lililokunjwa au chuma kizima, na tarakimu ndogo zilizojificha chini ya kitako. "Juu watu wanapaka rangi wanavyotaka," alimwambia mumewe, "lakini huku chini hakuna anayekumbuka kudanganya." Akikuta mtutu wa aina moja umetiwa kitako cha aina nyingine alisema, "Hii wameioza kwa nguvu," kisha akavitafutia vyote viwili wenza wa kweli.

Aliyekuwa hataki kusikia habari hizo ni mama mkwe wake, mama wa kinyozi, aliyeishi nao. Bibi huyo alipiga marufuku bunduki yoyote kuvuka kizingiti cha sebuleni. Alipopita mbele ya duka aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayepita kwa jirani aliyemtukana.

"Mkamwana wangu ana mikono ya dhahabu," aliwaambia wenzake, "akili ndiyo imemruka."

Hapo ndipo anapoingia Kipaza. Huyu alikuwa mdogo wake kinyozi, na jina alilipata kwa sauti yake, maana hata akikunong'oneza siri, mtaa mzima unaipata. Kazi zilizomshinda ni nyingi. Safari hii alikuwa amenunua kibanda cha shabaha kwenye uwanja wa bembea na farasi wa mbao wanaozunguka. Mtu analenga vibati, akiangusha vya kutosha anaondoka na mwanasesere au sufuria. Kibanda kilikuja na bunduki sita, zote zimepakwa rangi ya kijani mpaka kwenye skrubu.

"Shem," alisema akizimwaga mezani, "mbili hazifyatuki, zingine zinakohoa. Nifanyie ziwe kama zimezaliwa leo."

Mama Springi akaanza kazi. Njia yake ya kupima mtutu ilikuwa kuuelekeza dirishani na kuchungulia ndani. Mtutu ulionyooka unaonyesha duara ndani ya duara, kama maji ya ndoo yaliyodondokewa na tone. Katika bunduki za Kipaza maduara yalikuwa yameegemea upande, kama walevi. Mitutu mitano ilikuwa imepinda, na vilengeo vimegongwa vikatazama huku na huko. Akadhani zimeangushwa sana. Fundi akiona kitu kimepinda mkono unamwasha, basi akaibana mitutu kati ya magogo yaliyovishwa ngozi, akainyoosha taratibu, akichungulia kila mara, mpaka maduara yakatulia.

Ya sita ilimshinda. Haikuwa ya kukunja mtutu ili kuikaza, kama wenzake. Ilikuwa na mkono wa chuma chini wa kuikazia, na alipobandua rangi ya kijani ukatokea muhuri mdogo wa ndege, umefutika nusu. Hakupata kuuona mahali popote. Aliugeuza huku na huku mpaka shingo ikamuuma.

Mama mkwe akaingia kuuliza chumvi imewekwa wapi. Macho yake yakaanguka mezani, na kwa mara ya kwanza hakuyaondoa.

"Huyo ni mdiria," alisema. "Ndege mvua samaki. Huoni mdomo ulivyo mrefu?"

"Mama, umemjuaje?"

"Na usiushike huo mkono hapo, utakung'ata." Akanyoosha kidole cha shahada. Kilikuwa na kovu jembamba, la zamani. "Kama ulivyoning'ata mimi."

Mama Springi akavuta kigoda. Bibi akakaa.

"Nyumbani kwetu ilikuwepo ya aina hii hii," alisema. "Kaka zangu wakiniita niwapangie makopo. Siku moja nikawaomba na mimi nijaribu. Nikayaangusha yote. Wakasema bunduki haimfai msichana."

"Wewe ukasemaje?"

"Nilikuwa mdogo, ningesema nini? Nikaichukia, ikawa rahisi. Lakini ukweli ni kwamba niliwafunika, na hawakupenda."

Akaivuta bunduki kwake. Akaonyesha kidude cha juu, kama koki ya bomba: unakigeuza tundu likatazama juu, unatumbukiza risasi, unakirudisha. Akaonyesha pia kwamba kilengeo cha mbele si chenyewe, maana cha asili kilikuwa na kishanga kidogo kwenye ncha. Mama Springi akakaa na tupa, akakitengeneza kingine huku bibi akimsimamia na kumkosoa. Kilipokaa sawa, Mama Springi akabandika kifungo cha kochi kwenye boksi la pamba.

"Mama, karibu."

"Mimi? Na macho haya?"

Lakini tayari alikuwa amesimama. Akaegemeza kitako begani, akatulia, na duka lote likatulia naye. Pa! Kifungo kikapasuka vipande viwili.

"Mbona ukimimina chai mkono unatetemeka?" aliuliza Mama Springi.

"Ukitetemeka kidogo, mnamimina wenyewe," alijibu bibi, akaomba kifungo kingine.

Jumamosi Kipaza alifungua kibanda akiwa na bunduki zinazong'aa. "Karibuni! Jaribu bahati yako!" Sauti ilifika sokoni. Watu wakajaribu, na bahati ikawa ya kila mtu. Wanasesere waliondoka asubuhi. Masufuria yakafuata, kisha mabirika. Wanawake waliokuja kutazama tu waliondoka na vyombo kichwani. Mwishowe Kipaza alitoa kofia yake, kisha kiti alichokalia, akafunga.

Kesho yake alikuja kwa kaka yake, akamkuta Mama Springi na mama yao wakinywa chai pembeni. Sauti ilikuwa imekatika, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumsikia akizungumza kama watu wengine.

"Shem, umenifanya nini?"

"Nimezinyoosha."

"Kwani zilikuwa zimepinda?"

Wakatazamana. Kumbe hakujua kitu. Aliyemuuzia kibanda alimwambia watu wa hapa hawana shabaha hata kidogo, naye akaamini, akawa anawahurumia wateja na kuwashauri wakapime macho. Kinyozi alicheka mpaka akalazimika kuweka mkasi chini, maana mteja alikuwa ameanza kuogopa.

"Kaka, usinicheke. Shem, nakuomba, zipindishe tena. Kidogo tu."

"Sipindishi," alisema Mama Springi, na uso haukuwa na mzaha. "Kesho utaniambia niwajazie watu majani kwenye makochi?"

"Nitakula nini?"

Kipaza alikuwa karibu kulia, na Mama Springi moyo ulimuuma, kwa sababu mikono iliyomletea hasara ilikuwa yake. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, watu waliondoka wanacheka au wananuna?"

"Wanacheka, mama. Na sufuria zangu."

"Basi watarudi. Ondoa vile vibati vyako vikubwa kama sahani. Tundika vifungo vya kochi kwenye uzi, tuone. Na mimi niwekee kiti chenye mto. Zawadi kuu itakuwa ile saa kubwa ya ukutani ya sebuleni kwetu: anayeitaka, anishinde mimi kwanza."

"Mama!" kinyozi alishtuka. "Watu watasema nini?"

"Watasema nimewashinda."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi iliyofuata watu walirudi, wameleta na majirani. Vifungo vilining'inia vikicheza na upepo, si rahisi kuvipata, lakini aliyelenga vizuri alipata, na aliyekosa alijua kosa ni lake. Bibi alikaa na bunduki yake ya mdiria mapajani, kilemba kimekazwa. Walikuja waendesha malori wenye vifua vipana, wakaja mabwana wenye maneno mengi. Aliwashughulikia mmoja mmoja, kisha akawapa pole kama mtu anayetoka kwenye msiba wao. Kipaza alitangaza, "Bunduki zetu zimenyooka! Mwenye shaka aje achungulie mtutu!" Na watu walikuja kuchungulia kweli, wakalipa, wakapiga.

Saa ilikuja kuchukuliwa na mkunga mmoja, mwanamke mpole asiye na maneno. Bibi alimkumbatia mbele ya watu wote, akampongeza, halafu akamwambia wiki ijayo arudi, kwa sababu jua lilikuwa machoni. Mkunga alirudi. Wakawa marafiki, na mpaka leo hakuna anayekubali kwamba mwenzake ni mkali zaidi.

Duka la Mama Springi sasa lina meza mbili. Kwenye moja wanatengeneza makochi, kwenye nyingine bunduki, na kigoda cha mama mkwe kiko katikati. Juzi waliletewa moja isiyo na jina wala tarakimu. Bibi aliapa ni ndugu ya ile ya mdiria. Mama Springi akatazama skrubu, akasema si ndugu, hata si jirani. Wakawekeana dau: atakayekosea anaosha vyombo. Walipobandua rangi, bibi ndiye aliyekosea. Aliosha vyombo vyote bila kulalamika, lakini kabla ya kulala alirudi mezani na taa, akaipindua ile bunduki tumbo juu, akaichunguza tena skrubu moja baada ya nyingine.