Nimechoka

Kikundi chetu cha vijana hukutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, Runyenjes. Sheria ya kijinga ilikuwa yangu, mimi mwalimu wao: tuongee Kiswahili tu, ili Waembu na Wambeere tuelewane. Zamu ya msichana mmoja mchuma chai kueleza hali yake ilipofika, alisema, "Nimechoka." Nikamwambia akanywe uji, alale mapema. Wenzake wakacheka. Kwa Kimbeere, lugha ya mamake, labda angetueleza amechoshwa na nini.

Jumatatu alijitoa uhai, Ijumaa tukamzika. Kesho yake mamake alikuja kikundini, akaketi kwenye kiti cha bintiye. Nikamsalimu kwa Kimbeere, nikamuuliza anaendeleaje. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, ili nielewe: "Mwalimu, nimechoka."