Kisanduku Nyuma ya Sahani

Sauti ya marehemu babangu inakaa ghorofani, ndani ya kompyuta yangu, na mamangu huifungua kupitia mtandao wa nyumba, akiwa chini kiwandani, uani mwetu, kwa kompyuta yake ndogo. Ni rekodi ya babangu akisoma maulidi, akikohoa katikati na kumkemea paka. Kila Alhamisi baada ya alasiri mama alikuwa akibofya faili, anaketi, anangoja. Faili ilijivuta mpaka kahawa ikapoa. Yeye hakulalamika. Aliyeudhika ni mimi, kwa sababu Lamu nzima inaniita fundi wa kompyuta, na nyumbani kwangu marehemu anachelewa.

Nilianza kwa kulaumu kila kisichoweza kujibu. Nikafuta programu, nikasaka virusi, nikabadilisha waya, nikaitukana kompyuta matusi ambayo babangu angenichapa kwayo. Wapi! Mwishowe nikaibeba ile ndogo nikazunguka nayo nyumba nzima, macho kwenye alama za mtandao. Zilipanda nilipoingia chumba cha ndani kabisa.

Kisanduku cha mtandao, nilichokiweka mwenyewe mezani karibu na kiwanda, kilikuwa kimehamia humo, kidakani, kwenye kishubaka cha ukutani, nyuma ya sahani za bibi. Mbele yake sinia la shaba, juu yake kitambaa cha tarizi. Mama akanieleza bila haya: majirani wakija kunywa kahawa walikuwa wakikikodolea macho, na yeye hataki jicho la mtu nyumbani mwake. Tena kilikuwa kikiwakonyeza wageni kwa vile vitaa vyake, tabia mbaya. Basi akakisitiri kama mwari. Shaba mbele, kuta nene za mawe ya matumbawe pande zote. Hata jini angepiga hodi mara mbili.

Nikakirudisha mezani bila kuomba ruhusa.

Alhamisi iliyofuata mama alibofya, na kabla hajatengeneza mtandio wake, babangu alikuwa ameshaanza kusoma. Mama akaifunga kompyuta. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikingoja sifa.

“Kirudishe kidakani,” akasema. “Babako hakuya mapema hata siku moja. Mimi nimezoea kumngoja.”

Nikakirudisha, na sinia lake. Siku hizi Alhamisi naketi naye kiwandani, kahawa inapoa, na kwa muda ule wote namkosa babangu kwa namna ambayo sikuwahi kumkosa hata siku tuliyomzika. Kisha anakohoa, na paka anakemewa.