Mashine Mbili Zilizongojeana

Juzi pale posta ya Sumbawanga, fundi alikuwa akiiunganisha mashine mpya ya teleksi, ya kupeleka maandishi kwa waya, na ile ya Mbeya. Bwana shamba mmoja mwenye mvi alingoja kupeleka ombi la mbegu za kijiji chake, maana mawingu yalikwisha kutanda. Mashine ikanyamaza tu.

Fundi akapiga simu Mbeya. "Yangu nimeiweka ipokee," alisema.

"Na yangu pia!" sauti ya mwenzake ikasikika hadi kwetu kwenye foleni.

"Basi yako ndiyo ianze kuita."

"Ianze? Mdogo ndiye huamkia, bwana. Mimi nilikutangulia kazini."

"Lakini nimekuzidi umri!"

Bwana shamba akatazama mawingu dirishani, kisha akaomba simu. "Shikamooni, wanangu," alisema taratibu. "Haya, nimeanza mimi. Mbegu zangu zipite."

Fundi wetu akainamisha kichwa, akageuza swichi yake ianze kuita, na mashine ikaanza kugonga herufi.

Miaka yote shuleni nimewafundisha watoto kwamba mdogo ndiye aanzaye kuamkia. Jumatatu nitaongeza kidogo: mvua ikikaribia, aanze aliye karibu na swichi.